Panya Akifa, Mfungue Kwanza

Juzi usiku dada mmoja anayesoma shahada ya pili ameniandikia: "Kaka, panya wangu wawili kati ya watatu wamekufa leo. Niandike kwamba maganda yana sumu?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana swali hilo nilishawahi kulijibu vibaya mbele ya watu.

Mimi nilipima kwa panya kama maganda ya tunda la mabungo yana sumu. Aliyekulia Tanga au Unguja anaijua juisi yake, ndiyo maana wengi walinishangaa: kitu tunachokunywa tangu utotoni unakipima cha nini? Lakini tunachokunywa ni nyama iliyozunguka kokwa. Ganda tunalitupa, nalo lina utomvu mweupe unaonata. Tena mbungo ni wa ukoo mmoja na Acokanthera, mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki huuchemsha kupata sumu ya mishale. Swali langu lilikuwa la maana, na hadi leo nalitetea.

Nilifuata mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa taratibu za kupima usalama wa kemikali: panya majike watatu kwa kila hatua, dozi moja kwa mdomo, kisha kuwaangalia siku 14, hasa yale masaa 4 ya mwanzo. Dozi ya miligramu 300 kwa kilo ilipita salama. Nikapanda hadi 2000. Panya wa gramu 200 hapo anahitaji miligramu 400 ndani ya mililita 2, na ekstrakti yangu, yaani dawa niliyoikamua kwenye maganda, ikawa nzito kama uji wa ulezi. Sindano ya kulishia, ile inayopita mdomoni hadi tumboni, ikakwama. Nikasukuma. Wawili wakafa kabla ya nusu saa.

Nikaandika "sumu". Na nilifurahi, jamani. Niliona nimegundua kitu.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu mmoja wa patholojia akaniuliza jambo moja tu: "Mapafu yalikuwaje?" Sikuwa na jibu. Mizoga nilishaipeleka kuchomwa bila kuifungua, yaani kuipasua na kuangalia ndani. Mwingine akasema kwa sauti kwamba nimeua wanyama bure. Maneno hayo bado yananichoma, hasa kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha namna ya kumshika panya. Nilikabidhiwa funguo za chumba nikaambiwa nianze.

Aliyenifundisha ni fundi wa maabara. Pima urefu wa sindano kwa nje, toka mdomoni hadi ubavu wa mwisho. Mnyooshe shingo. Ikikataa kushuka, itoe, usilazimishe. Nilirudia kazi yote, safari hii na kundi la kulinganishia lililopewa maji matupu. Na hapo hapo, panya mmoja wa maji akafa mikononi mwangu. Nilimfungua papo hapo: povu kooni, mapafu mazito, yamelowa, yameiva wekundu. Maji yaliingia njia ya hewa. Nilikaa chini sakafuni. Wale wawili wa mwanzo huenda waliuawa na mkono wangu, ganda la bungo likasingiziwa.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nisikilize. Weka kundi la maji hata kama mwongozo haukulazimishi. Ekstrakti ikiwa nzito, ongeza maji. Mwongozo unaruhusu hadi mililita 2 kwa kila gramu 100 za uzito kama kiyeyushio ni maji. Kama ulitumia ethanoli kukamua, hakikisha imekauka yote, la sivyo utakuwa unapima pombe. Kila kifo kiandike, hata kile kinachokuaibisha. Na usikimbilie kuandika "salama" pia. Dozi moja na siku 14 hazimsemei mama atakayekunywa maji ya maganda kila asubuhi kwa miezi mitatu. Kwa huyo kuna mwongozo namba 408, dozi za kila siku kwa siku 90, damu ipimwe, ini na figo vikatwe viangaliwe kwa darubini. Watu wetu wanatuamini tukisema dawa ya asili haina madhara. Tusiwadanganye kwa haraka ya kuhitimu.

Dada yangu, kama mizoga bado iko kwenye friji, na siyo friza, maana kugandisha kunaharibu nyama za ndani, nenda leo. Andaa formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhia nyama zisioze. Anza na koo, fuata mapafu, halafu ndipo ini. Piga picha kila hatua, kisha niandikie ulichokiona.