Jibu: Majina nimefuta, mbona wanafunzi bado wanatambuana?

Habari mwalimu. Umefuta majina kwenye alama za darasa ili ufundishie wastani na mtawanyiko kwa R, programu ya takwimu, lakini bado wanajuana. Kagua kwanza safu zilizobaki: jinsia, umri, kata. Msichana akiwa peke yake kutoka kata fulani, hata bila jina anajulikana. Futa kata, weka umri kwa makundi, kisha vuruga mpangilio wa mistari. Orodha ikibaki kialfabeti, kila mtu atajihesabia tu. Angalia pia safu zilizofichwa kwenye Excel, maana kuficha si kufuta. Hifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, ufungue upya uone kilichomo. Kwa vipindi vya mwanzo mimi natumia mtcars, data ya magari 32 iliyomo ndani ya R yenyewe. Hayana wazazi wa kulalamika.