Besi inayovuma kwenye spika kubwa za zamani

Habari ndugu. Umeeleza kwamba spika zako ndefu za zamani, ulizozisimamisha kwenye kona za chumba, zinavuma besi hadi sauti ya mwimbaji inafunikwa. Kabla ya kugusa amplifaya, angalia modeli ya spika hizo, kwa kuwa baadhi, kama Klipschorn, zilibuniwa makusudi zikae kwenye kona. Kama zako si za aina hiyo, zisogeze mbele kiasi cha sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma, umbali wa ukuta wa pembeni ukiwa tofauti na huo, kwa sababu kuta zinapokutana na sakafu huikuza besi. Kiti unachokalia ukisikiliza nacho kisigusane na ukuta. Mimi huanzia hapo, kisha nasogeza kidogo kidogo huku nikisikiliza wimbo uleule.