Hamamu za Kidichi: Mapumziko ya Sultani Katikati ya Mikarafuu

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipotembelea Unguja nilipelekwa Kidichi kuziona hamamu, yaani nyumba za kuogea, za Kiajemi. Kwa nini jengo la fahari namna ile lilijengwa peke yake shambani, mbali na Mji Mkongwe? Na ilikuwaje kuta zake zikatiwa picha za ndege, ilhali mwenyewe alikuwa mtawala wa Kiislamu?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, jengo hilo halikuwa peke yake tangu mwanzo. Lilikuwa sehemu ya makazi ya mapumziko ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye alifika huko kuwinda na kukagua mashamba yake ya karafuu. Nyumba ya kulala imekwisha kutoweka, ila hamamu, iliyojengwa mwaka 1850, bado imesimama na makuba yake.

Mahali penyewe palichaguliwa vizuri, kwa kuwa Kidichi ipo kwenye mwinuko wa kisiwa, penye miti na hewa nzuri kuliko mjini. Hata hivyo, mandhari ile haikuwa msitu ulioota wenyewe. Ilikuwa mikarafuu iliyopandwa, kupaliliwa na kuchumwa na watumwa, na kwa maoni yangu si haki kuusifu uzuri wake bila kuwataja.

Kuhusu ndege, jibu limo katika nasaba ya mke wa Sultani, Shahrzad, aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi na ambaye hamamu ilijengwa kwa ajili yake. Sayyid Said alikuwa Ibadhi, yaani mfuasi wa madhehebu ya Kiislamu yaliyoenea Oman, na majengo ya Maibadhi kwa kawaida hayana mapambo mengi. Lakini sanaa ya Uajemi ilizoea kuchora ndege, maua na miti hata katika majumba ya Waislamu. Ndiyo maana nakshi za chokaa za Kidichi zinaonyesha mambo ambayo hutayaona katika majengo mengine ya Sultani kisiwani, nami naziona kuwa ndiyo hazina kubwa ya mahali hapo, kuliko birika lenyewe la kuogea. Maji moto na mvuke vilipatikana kwa moto uliowashwa chini ya sakafu.

Shahrzad hakuishi Unguja hadi mwisho: Sultani alimpa talaka, naye akarudi kwao Uajemi.