Mkoba wa kazi ndani ya simu: maswali yenu na majibu yangu

Wiki zilizopita niligusia potifolio ya kidijitali, yaani mkoba wa kazi ambao mwanafunzi anautunza kwenye simu au kompyuta ili aonyeshe alichojifunza na anachoweza kufanya. Maswali yamekuja mengi kutoka Moshi na Arusha. Haya ndiyo niliyoona yanawagusa wengi.

Nafundisha ushonaji hapa Moshi. Wanafunzi wangu 34 wananitumia picha za magauni yaliyokwisha, yamepigwa pasi, yapo kwenye henga. Yanapendeza, lakini nikitaka kutoa alama sijui nishike wapi. – Mwalimu, Pasua

Mwalimu mwenzangu, unakwama kwa sababu picha hizo zinaonyesha gauni tu, mshonaji hayumo. Jambo hili liliwahi kuniumiza. Miaka yangu ya mwanzo nilimpa binti mmoja alama za juu kabisa kwa sababu faili lake lilijaa picha safi. Siku ya vitendo karakanani akashindwa kupandisha uzi wa bobini. Kosa lilikuwa langu: niliomba picha nzuri, naye akaniletea picha nzuri.

Siku hizi naomba picha tatu kwa kila kazi: kitambaa kikishakatwa, pale alipokwama, na kazi ikishakwisha. Ile ya katikati ndiyo ninayoisoma kwa makini. Chini yake mwanafunzi anaandika kwa maneno yake nini kilitokea. Mmoja aliwahi kupiga picha mkono wa gauni la satini, mshono umesinyaa kuanzia begani hadi kiwikoni. Akaandika: "Nilidhani nimevuta kitambaa. Nikaangalia sindano, nikakuta ni namba 16, tuliyoshonea jinzi. Nimeweka namba 11, nimelegeza uzi wa juu, nimefumua na kushona upya." Binti huyu anajua kitambaa chepesi kinataka sindano gani, anajua kutafuta chanzo cha kosa, na hana uvivu wa kufumua. Hayo yote nimeyapata kwenye mistari mitatu ya simu.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, usisahihishe kila kitu, utachoka na utaanza kuweka alama za vema bila kusoma. Mwisho wa muhula kila mmoja achague kazi tatu na aeleze kwa nini amechagua hizo. Vigezo wape mapema, vinne vinatosha. Na ukishuku kwamba mtu amechukua picha ya mwenzake, mwite kwa dakika tano, fungua picha moja, umuulize: "Hapa ulianza kushona upande gani, na kwa nini?" Aliyeshona atajibu huku mikono yake ikionyesha.

Je, mkoba huu utachukua nafasi ya mtihani wa Taifa? – Mzazi, Sakina, Arusha

Hapana, mama. Cheti cha sekondari kitaendelea kutolewa na Baraza la Mitihani. Mkoba unasimama pembeni ya cheti na kueleza kile ambacho herufi ya daraja haiwezi kueleza. Kama mwanao yuko mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza na mtaala ulioboreshwa mwaka 2024, ndiyo kabisa umhimize. Mwenye hoteli au gereji atakayempokea kwa mazoezi atataka kuona kazi.

Shikamoo mwalimu. Sina kompyuta, simu tunatumia wawili mimi na dada, na bando ni la shida. Nitaweza? – Mwanafunzi, Tengeru

Marahaba mwanangu. Utaweza. Fungua akaunti yako mwenyewe ya Google. Inakupa GB 15 bure, na picha ya kawaida ya simu ni MB chache tu, kwa hiyo miaka yako yote ya chuo itaenea. Piga picha na uandike maelezo bila intaneti, kisha upandishe zote mara moja kwa wiki ukipata Wi-Fi chuoni. Video zifupishe, sekunde thelathini za mikono ikifanya kazi zinatosha. Kama kuandika kunakuchosha, jirekodi sauti.

Mambo mawili nakusihi. Usitegemee grupu la WhatsApp kuwa ghala, maana picha zinapunguzwa ubora na simu ikipotea unaweza kupoteza kila kitu. Na usiweke kazi zako kwenye akaunti ya barua pepe ya chuo peke yake, kwa sababu siku ukihitimu inaweza kufungwa.

Chuo chetu kinataka programu maalumu. Unashauri ipi? – Mkufunzi, Njiro

Itazameni Mahara. Ilianzishwa New Zealand mwaka 2006 mahususi kwa potifolio, na jina lake kwa Kimaori, lugha ya wenyeji asilia wa huko, lina maana ya kufikiri. Lakini inahitaji seva, yaani kompyuta ya kuiendeshea, na mtu wa kuihudumia. Kama hamna mtu huyo, folda zilizopangwa vizuri zitawafaa zaidi.

Shule imeweka sura ya mwanangu wa darasa la nne mtandaoni bila kuniuliza. Ni sawa? – Baba, Majengo, Moshi

Si sawa, na nakuunga mkono. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa utulivu, omba picha iondolewe na utaratibu wa ridhaa ya wazazi uwekwe. Mkoba wa mtoto usomwe na mwalimu na mzazi tu. Kwa walimu: pigeni picha mikono na kazi, sura ya nini?

Nimejifunza kuchomelea kwa fundi, miaka sita sasa, sijakanyaga darasa. Mkoba unanihusu? – Fundi, Unga Limited, Arusha

Unakuhusu kuliko wote walioniandikia leo, kaka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Watataka kukuona ukifanya kazi, picha peke yake hazitoshi, lakini ukifika na ushahidi uliopangwa mazungumzo yanakuwa mepesi. Anza na geti la kesho. Piga picha vyuma vikiwa vimekatwa na vipimo vimeandikwa kwa chaki, kisha maungio kabla hujapitisha grinda, maana ukishasaga na kupaka rangi hakuna atakayeona ulivyochomelea. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, andika tarehe, unene wa chuma na rodi uliyotumia. Ukifikisha kazi kumi za namna hiyo, nenda ofisi za VETA Njiro na simu yako mkononi.