Simu inachaji, fundi naye anachaji

SWALI: Kibanda kimoja Kariakoo kimeandikwa "Tunachajisha simu, tunachaji sh. 500." Rafiki yangu anashikilia kwamba "kuchajisha" ni kosa. Mimi kinachonitatiza ni neno moja kuwa umeme na papo hapo kuwa pesa. Naomba ufafanuzi. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: "Kuchajisha" si kosa, na usikubali lifutwe. Kiswahili hupenda kutenganisha kinachotokea na kinachosababishwa: maji yanachemka, mpishi anayachemsha; mtoto anaamka, mama anamwamsha. Kitenzi hiki kwa Kiingereza, charge, hakina utengano huo, na tulipokikopa tukajikuta na "simu inachaji" na "nachaji simu" kwa umbo moja. Sikio la Mswahili likaona pengo, likaliziba kwa -sha. "Nachaji simu" inakubalika pia, ila jaribu kusema "Niliichajisha usiku kucha lakini haikuchaji" bila hiyo -sha, uone sentensi inavyojigonga.

Sasa pesa. Chimbuko ni Kilatini, carrus, gari la kukokotwa (si ndugu wa "gari" letu, ambalo asili yake ni Kihindi). Humo kilizaliwa kitenzi cha kupakia mzigo, kikapitia Kifaransa cha kale hadi Kiingereza. Bunduki iliyoshindiliwa baruti ilihesabiwa kuwa imepakiwa. Karne ya 18, wachunguzi wa umeme wakaitumia lugha hiyo hiyo kwa chupa ya Leyden, chombo cha kale cha kuhifadhi umeme, waliyoijaza umeme. Mtu aliyebebeshwa gharama amepakiwa, na aliyebebeshwa kosa vilevile. Sisi tumechukua umeme na pesa tu. Upande wa kosa tulikuwa tayari na "kushtaki", ndiyo maana mahakamani husomwa hati ya mashtaka.

Kwenye pesa, hata hivyo, mkopo huu hatukuuhitaji. Tunalo "kutoza", lililotoka kwenye "toa": kumfanya mtu atoe. Ndilo lililozaa "tozo", neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu. Kutoza hukaa vizuri na faini, ushuru na ada. Kwa huduma ya kibandani "kulipisha" ni laini zaidi. Tena bango lile halihitaji kitenzi cha pili: "Tunachajisha simu kwa sh. 500" inatosha.

Wengi huteleza kwenye irabu ya mwisho, wakasema "mwambie achaje". Chaji iko kundi moja na jibu, samehe na fikiri, haibadiliki: achaji, usichaji, hatuchaji. Chajisha huishia -a, hivyo inabadilika: achajishe. Na "nichajie simu" ni sahihi, kwa kuwa hapo kitenzi ni chajia, yaani kuchaji kwa niaba yako. Ukimwambia fundi "nichaji", umemwomba akudai pesa.