Kwa mnaoingia baharini peke yenu kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao wakati wa baridi

Jana nimemwona mwingine. Ubao kwapani, anayakimbilia maji huku bado anavuta kofia ya suti ya maji baridi kichwani, na macho yake hayajatua baharini hata dakika moja. Nilitaka kumpigia kelele. Nikakumbuka kwamba umri wake mimi nami nilikuwa sisikii. Basi naandika.

1. Tazama dakika 20, kwa saa, si kwa hamu. Soma sekunde, yaani muda kati ya wimbi na wimbi, kabla ya mita, yaani kimo chake. Mita 2 kwa sekunde 8 na mita 2 kwa sekunde 16 hazilingani hata kidogo: hizo za pili hubeba nguvu karibu maradufu, na seti zake, yale mafungu ya mawimbi makubwa, huachana mno. Unapaka nta, unafunga kamba, unaingia ukidhani bahari imetulia. Seti inakukuta katikati ya povu, mnasalimiana.

2. Kagua kamba ya mguuni, ile inayokufunga na ubao. Hapa nina la kuungama.

Yangu ilikuwa na mkato karibu na kifundo. Ukitia ukucha wa kidole gumba, unazama nusu. Niliuona Ijumaa nikisuuza vifaa. Nikaupapasa mara mbili, nikasema itashika. Jumapili nikaingia peke yangu, na sikumwambia mtu. Wimbi la tatu la seti likapasuka mbele yangu kabisa, nami nikafanya lile ninalowakemea kila siku: nikautupa ubao, nikapiga mbizi. Kifundo kikavutwa, kisha mguu ukawa mwepesi. Wepesi ule bado naukumbuka nikiwa kitandani.

Niliibuka, nikapata nusu pumzi, likaja jingine. Seti ilipopita nikaanza kuogelea kuelekea gari langu pale juu, na gari halikukua. Mkondo ulionitoa nje asubuhi ile bila jasho ndio sasa niliokuwa nikishindana nao uso kwa uso, mimi ninayewahubiria watu kuukata kwa ubavu! Sijui nilipoteza muda gani kwa ukaidi huo. Vidole vikanyooka, vikagoma kukutana, nikawa nachota maji kwa uma. Ndipo nikageuka pembeni, nikafuata mahali mawimbi yanapovunjika, nikaliacha povu linipige mpaka mchangani.

Ubao ulinitangulia. Ulikuwa umelala kifudifudi, mzima, bila mkwaruzo. Ufunguo wa gari niliugeuza kwa viganja viwili. Na ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma, kulikuwa na kamba mpya. Bado imo mfukoni mwake.

3. Mwachie mtu saa ya kutoka, maana ya kuingia haimsaidii.

4. Ubao wa kiangazi uacheni nyumbani. Mnataka mrefu zaidi, wa kulishika wimbi mapema, na kamba inayolingana nao kwa urefu, nene. Nimeona mtu na ubao wa futi 7 amefunga kamba ya futi 6. Alipoanguka, ubao ulirudi kumtafuta.

5. Toka vidole vikianza kuachana. Najua, "moja la mwisho tu". Hilo la mwisho ndilo mnalolisubiri dakika 40, mmekaa juu ya ubao mnapoa, kisha mnalikosa kwa kuwa mikono imekwisha. Hata lile dogo la kati linakufikisha nchi kavu.

Yule wa jana alitoka salama, midomo imebadilika rangi, anacheka peke yake. Nikampa maji ya moto ya kumwagia mikono, nikamwomba nione kamba yake. Karibu na kifundo nikatia ukucha. Ukazama.

Nimeondoka nayo. Akiitaka nyingine, aje. Ninayo moja, bado iko mfukoni mwake.