Sogeza daraja kabla ya kununua vigingi vipya

Umeuliza kama ununue vigingi vipya, vile vya kukazia nyuzi, kwa ajili ya gita lako la mtumba, Gibson ES-175, linalopotoka sauti ukipanda shingoni. Vigingi vyake havina kosa. Gita linalopatana nyuzi zikiwa wazi, kisha likapotoka vidole vinapopanda shingoni, kwa kawaida ni gita ambalo daraja lake, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo, limesogea, kwa sababu katika gita hilo lenye tumbo lenye uwazi ndani daraja halikugundishwa wala kufungwa kwa skrubu, bali limeshikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Anza kwa kufunga nyuzi mpya, ukibadilisha mmoja mmoja, maana ukizitoa zote kwa pamoja daraja litaanguka na alama ya mahali pake itapotea. Kisha gusa uzi mnene kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 (kijiti cha chuma cha 12 shingoni), usikilize ile sauti nyembamba kama ya kengele, halafu bonyeza freti hiyohiyo na ulinganishe: sauti ya kubonyeza ikiwa juu, legeza nyuzi kidogo na usogeze daraja nyuma kuelekea mkiani, mwisho wa nyuzi upande wa tumbo; ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Rudia kwa uzi mwembamba, kwani daraja huweza kukaa mshazari kidogo, na hilo ni sawa kabisa. Mimi huweka vipande vya utepe wa karatasi pande zote mbili za miguu yake kabla sijaligusa. Tahadhari moja: daraja la mbao lililochongwa kwa ajili ya uzi wa tatu uliozungushiwa waya halitapatana vizuri na uzi wa tatu usiozungushiwa waya.